Ndoa Iliyosafiri Bila Watu Wake

Asubuhi ya kwanza niliyoamka katika nyumba ya mke wangu ugenini, nilitafuta kijiko kwa muda uliokaribia robo saa. Yeye alikuwa ameondoka alfajiri kuwahi zamu hospitalini, watoto walikuwa bado wamelala kwa uchovu wa safari, nami nilisimama jikoni nikivuta droo moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa na bahasha za ofisi mbalimbali zilizofungwa kwa mipira, ya pili ilikuwa na taulo zilizokunjwa mara tatu, kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akikunja taulo, na ya tatu ilikuwa na betri, kamba na funguo ambazo sikujua zinafungua nini. Vijiko vilikuwa ndani ya kopo juu ya friji. Tulikuwa tumeoana kwa miaka tisa, na miaka miwili na nusu ya mwisho tulikuwa tumeishi kwa simu. Nilimjua kwa jina msimamizi aliyemkera, nilizijua siku zake za zamu ya usiku, niliijua hata sauti ya basi lililopita chini ya dirisha lake, lakini sikujua anaweka wapi vijiko. Aliporudi jioni nilimsimulia huku nikicheka, naye akacheka, kisha akasema neno ambalo najua hakulikusudia kunichoma: "Nisamehe, baba watoto. Nimezoea kukaa peke yangu."

Ndoa ya wahamiaji inapovunjika, maelezo huwa tayari kabla talaka haijaandikwa. Akilaumiwa mke, itasemwa kwamba ameonja uhuru wa wenyeji akavimba kichwa; akilaumiwa mume, itasemwa kwamba dunia imemmeza. Kwa vyovyote vile mshtakiwa ni utamaduni mpya, ambao husawiriwa kama hawara aliyejipenyeza kati ya watu wawili waliokuwa wakiishi vizuri tu. Nami niliyaamini maelezo hayo kwa muda, maana yana raha yake: yanampa mtu adui asiyelala naye chumba kimoja. Siku hizi nina maoni mengine. Naona kwamba ndoa nyingi zilizovuka mpaka zilikuwa zikibebwa na watu wengi, na watu hao hawakupewa viza.

Nikiihesabu mikono iliyoibeba ya kwetu, naona aibu kwamba sikuihesabu mapema. Palikuwa na mama yangu, ambaye akiona tumenuniana hakuuliza kitu, bali aliwachukua wajukuu kwa siku mbili ili nyumba ipate nafasi ya kugombana na kupatana. Palikuwa na dada wa mke wangu, ambaye alimsikiliza akinilalamikia hadi akachoka, kisha akamwambia kwamba hata huyo wake yuko hivyo hivyo, na neno hilo moja likapunguza nusu ya kosa langu. Palikuwa na shemeji wa kukopesha, jirani wa kushika funguo, rafiki wa kumtembelea nilipokuwa sitaki kuonekana nyumbani. Kila mmoja alibeba kipande chake, na mume au mke akadaiwa kile kipande kilichobaki tu. Tulipofika huku, vipande vyote vilirudi mezani kwa watu wawili. Mke wangu alitakiwa awe mlezi, mkopeshaji, msuluhishi, rafiki, mkalimani na mwongoza njia, na alitakiwa kuyafanya hayo baada ya kusimama wodini kwa muda wa saa kumi na mbili.

Katika miezi ile ambayo sikuwa na kazi, nilishinda maktaba, kwa sababu pana joto, ni bure na hakuna anayemuuliza mtu shughuli yake. Hapo ndipo nilipokutana na utafiti wa Elizabeth Bott, uliochapishwa mwaka 1957, kuhusu familia 20 za kawaida za London. Bott alitaka kujua kwa nini wanandoa wengine hugawana kazi kwa ukali, hizi za mume na zile za mke, ilhali wengine hufanya mambo mengi kwa pamoja. Jibu alilolipata halikuwa katika tabia za watu hao wala katika kipato chao peke yake, bali katika watu waliowazunguka. Pale ambapo ndugu na marafiki wa familia walijuana wao kwa wao na kukutana mara kwa mara, mume na mke waliishi kila mmoja upande wake, kwa sababu kila mmoja alipata msaada na mazungumzo nje ya ndoa. Pale ambapo watu wao walikuwa wametawanyika na hawajuani, wanandoa walilazimika kutegemeana wao wenyewe. Niliposoma hayo niliweka kitabu chini. Bott alikuwa anaeleza nyumba mbili tofauti, nami nilikuwa nimehama kutoka ya kwanza kwenda ya pili kwa usiku mmoja wa ndege, huku nikibeba tabia za ile ya kwanza katika sanduku langu.

Kuna jambo jingine nililolisoma ambalo liliniliza na kunichekesha kwa wakati mmoja. Pierrette Hondagneu-Sotelo, mwanasosholojia aliyewachunguza wahamiaji wa Meksiko huko California na kuchapisha matokeo yake mwaka 1994, aliona kwamba wanaume waliotangulia kuhama kabla ya 1965, ambao waliishi miaka mingi wanaume peke yao bila wake zao, walijifunza kupika, kufua na kupiga pasi, na wake zao walipowafuata baadaye, wengi wao waliendelea kushika sehemu ya kazi hizo. Wale waliohama baada ya hapo, wakakuta tayari pana wanawake na jamaa wa kuwahudumia na wakatengana na wake zao kwa muda mfupi zaidi, hawakubadilika kwa kiasi hicho. Basi si wenyeji waliowafundisha wale wa kwanza kushika ufagio. Walifundishwa na ukosefu wa mtu wa kuwashikia. Sasa niitazame nyumba yangu kwa jicho hilo: aliyeishi kapera kwa miaka miwili na nusu alikuwa mke wangu. Yeye alijifunza kulipa bili, kusoma barua za serikali, kurekebisha bomba na kulala bila kumngoja mtu. Mimi katika muda huo huo nilibaki kati ya mama na dada zangu, nikahudumiwa kuliko nilivyohudumiwa nilipokuwa na mke, nikaja huku nikiwa mwanafunzi aliyerudishwa madarasa mawili nyuma.

Kisha pana suala la karatasi. Kwenye fomu iliyoniingiza nchini mimi niliandikwa mtegemezi, na neno hilo nililiona kuwa la kiofisi tu mpaka siku tuliyokwenda kusajili makazi yangu. Ofisa wa dirishani alimuuliza mke wangu tarehe yangu ya kuzaliwa, elimu yangu na kama nina maradhi yoyote, ilhali mimi nimesimama hapo hapo, nimevaa koti langu la kufundishia. Mke wangu alijibu yote kwa usahihi. Tukiwa njiani kurudi hatukuzungumza, na nadhani yeye alikuwa ameumia kuliko mimi, kwa kuwa alilelewa kuamini kwamba mke mwema hamzungumzii mumewe mbele za watu kana kwamba ni mtoto aliyepelekwa zahanati.

Sheria za uhamiaji hazikutungwa kwa nia ya kupanga mamlaka ndani ya ndoa, lakini zinayapanga. Nchini Marekani, kwa mfano, sheria ya mwaka 1986 iliweka kwamba mtu anayepata ukazi kupitia ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili atapewa ukazi wa masharti kwa miaka miwili, na kwa kawaida wanandoa wote wawili hutia saini pamoja ili masharti yaondolewe. Ni rahisi kuona jinsi saini hiyo inavyoweza kugeuka fimbo mkononi mwa mtu mbaya, na ilibidi sheria nyingine, za mwaka 1990 na 1994, ziwaruhusu wanaopigwa na kuteswa na wenzi wao kuomba haki ya kubaki bila kumtegemea mtesaji. Huko huko, hadi mwaka 2015, wenzi wa wataalamu walioingia kwa viza ya kazi ya H-1B hawakuruhusiwa kufanya kazi kwa viza yao ya utegemezi, na mwaka huo ruhusa ilitolewa kwa baadhi yao tu. Wengi wa wenzi hao ni wanawake, na baadhi yao wana shahada zisizopungua za waume zao. Mtu wa namna hiyo anapoomba pesa ya nauli, haombi kwa sababu ni mvivu au kwa sababu utamaduni wake umemfunza kuomba.

Mke wangu hakuwahi kunitishia kwa karatasi. Mara moja tu, katika ugomvi uliokuwa umeanza na jambo dogo, alisema, "Mimi ndiye niliyekuleta hapa." Sentensi hiyo ilikuwa kweli tupu, wala haikuwa na tusi ndani yake, lakini nilikaa siku nne bila kumsemesha zaidi ya salamu. Nilikuwa najiuliza kama yeye naye, katika miaka yote ambayo mshahara wangu ndio uliolipa kodi ya nyumba, aliwahi kuisikia sentensi ya namna hiyo kutoka kwangu. Nilipopata ujasiri wa kumuuliza, alinitajia siku, mahali na nguo niliyokuwa nimevaa.

Kuhusu kazi nitasema machache, kwa kuwa kisa hicho kinajulikana. Cheti chake cha uuguzi kilikubaliwa baada ya mitihani. Cheti changu cha ualimu hakikukubaliwa, na nikaishia kupanga maboksi kwenye ghala usiku. Kuna familia nyingi zilizopita njia hii kabla yetu. Baada ya Marekani kubadilisha sheria yake ya uhamiaji mwaka 1965, wauguzi wengi kutoka jimbo la Kerala nchini India walitangulia na waume wao wakawafuata, na wanasosholojia waliowachunguza walikuta baadhi ya waume hao, baada ya kushuka cheo kazini na nyumbani, wakiitafuta heshima yao katika uongozi wa kanisa. Niliposoma hivyo nilikuwa nimegombea ukatibu wa jumuiya yetu ya wahamiaji wiki mbili kabla. Nilimsomea mke wangu ukurasa ule, akacheka mpaka akalazimika kukaa chini.

Siku nyingine nilikutana na orodha ya Thomas Holmes na Richard Rahe, madaktari wa akili waliotoa mwaka 1967 jedwali la matukio 43 ya maisha na kulipa kila tukio alama kadiri linavyomlazimisha mtu kujirekebisha. Kufiwa na mwenzi kuna alama 100 na talaka 73. Kuhamia nchi nyingine hakumo katika orodha hiyo, ila vipande vyake vimo, basi nikachukua penseli. Kubadili aina ya kazi ni 36, kubadilika kwa hali ya fedha 38, mwenzi kuanza au kuacha kazi 26, hali ya makazi 25, kuhama nyumba 20, shughuli za ibada 19, shughuli za kijamii 18, usingizi 16, mikutano ya familia 15 na mazoea ya kula 15. Jumla ilikuwa 228, nami nilikuwa bado mgeni nchini. Sikuongeza zile 35 za kipengele cha kubadilika kwa idadi ya ugomvi na mwenzi, kwa kuwa hesabu yenyewe niliifanya ili nijue ugomvi umetoka wapi. Jambo ambalo jedwali haliwezi kuonyesha, kwa sababu linampima mtu mmoja mmoja, ni kwamba mtu ambaye kwa kawaida angenipokea nikiwa na mzigo huo naye alikuwa na wa kwake, na kila mmoja wetu alirudi nyumbani jioni akitafuta bega, akakuta bega linatafuta bega.

Hata hivyo miezi ya kwanza haikuwa mibaya, na hili huwapotosha wengi. Carlos Sluzki, daktari wa akili mzaliwa wa Argentina aliyehamia Marekani, alichapisha mwaka 1979 makala kuhusu uhamiaji na migogoro ya familia, akaeleza kwamba mara baada ya kufika huja kipindi ambacho familia hufanya kazi kwa ufanisi wa ajabu. Watu huamka mapema, hujifunza njia, hujaza fomu, na tofauti za zamani husahauliwa kana kwamba zimeachwa uwanja wa ndege. Kipindi hicho hupita, na kile kinachofuata ndicho kinachojaza ofisi za washauri wa ndoa. Kwetu kilifika mwezi wa saba, na kilianza na taulo. Mimi nilizikunja mara mbili, kama zilivyokunjwa siku zote nyumbani kwetu. Yeye alizifungua zote na kuzikunja mara tatu, kwa kuwa droo ile ni nyembamba. Nilisema kwamba nyumba hii hainihitaji. Alisema kwamba amechoka kumfundisha mtu mzima ukubwa wa droo. Ilipofika usiku wa manane tulikuwa tumeshayarudia mambo ya mwaka wa pili wa ndoa.

Sluzki alieleza jambo jingine ambalo nalirudia mara kwa mara moyoni. Alisema kwamba katika familia nyingi zinazohama, wanandoa hugawana dunia mbili: mmoja huikabili nchi mpya, kazi zake na lugha yake, na mwingine hulinda kumbukumbu, ndugu na desturi za kule walikotoka. Mwanzoni mgawanyo huo unasaidia, kwa sababu hakuna anayeweza kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Shida huja unapokauka na kuwa mgumu. Katika maelezo yake, mara nyingi mume ndiye aliyetazama nje na mke ndiye aliyelinda ya nyumbani. Kwetu ilikuwa kinyume. Mke wangu alijua mabasi, kodi, bima na vichekesho vya wenyeji. Mimi nilikuwa mtunza lugha, mpiga simu, mkumbushaji wa siku za kuzaliwa za wazee. Polepole nikajikuta kwamba kila anapoisifu nchi hii kwa jambo lolote, hata kwa basi kufika kwa wakati, mimi nawajibika kuikosoa. Na kila ninapoisifu nchi yetu, yeye anawajibika kunikumbusha kwa nini tuliondoka. Tukawa mawakili wa nchi mbili ambazo hakuna hata moja iliyotuajiri. Ukweli ni kwamba yeye alikuwa analia kwa hamu ya nyumbani akiwa bafuni, na mimi nilikuwa nimeanza kupenda utulivu wa maktaba na barabara zinazopitika usiku, lakini hakuna aliyethubutu kukiri, kwa kuwa kukiri kungekuwa kumpa mwenzake ushindi.

Watoto nao waliingia katika kesi hiyo bila kuitwa. Kifungua mimba wetu alinisindikiza kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa kuwa mama yake alikuwa zamu, na mwalimu alizungumza kwa muda wa dakika mbili nzima, uso wake ukiwa hauna furaha. Nilipomgeukia mwanangu anifasirie, alisema, "Anasema niko sawa." Nilishukuru, tukaondoka. Ukweli ulimfikia mke wangu kwa barua baada ya siku tatu, na hasira yake haikumlenga mtoto, ilinilenga mimi niliyetikisa kichwa mbele ya mwalimu kama mtu aliyeelewa. Mtoto anapokuwa mdomo wa mzazi mmoja mbele ya dunia, yule mzazi mwingine hubaki mzazi peke yake, na hiyo ni kazi inayochosha kuliko wodi.

Fedha za kutuma nyumbani ningeweza kuzipita, kwa kuwa kila mhamiaji anazijua. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2023 wahamiaji walituma dola bilioni 656 kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, na sidhani kama kuna mtu aliyekadiria ni ugomvi kiasi gani wa usiku uliotangulia miamala hiyo. Kwetu swali halikuwa la kiasi, lilikuwa la jina. Mama yangu alipopokea pesa za matibabu alinipigia simu, akaniombea dua ndefu, akanishukuru mimi mwanawe kwa kutomsahau, na simu ilikuwa kwenye spika. Mke wangu, ambaye mshahara wake ndio uliokwenda, alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazini. Hakusema kitu. Aliendelea kupiga pasi kola ile ile hadi dua ilipokwisha. Ilinichukua miezi kadhaa na simu mbili zilizoishia katikati kabla sijamwambia mama yangu mtu wa kumshukuru ni nani, na mama, kwa mshangao wangu, alisema alikuwa anajua siku zote, ila alidhani mimi sitapenda atamke.

Kuna watakaosema kwamba siku hizi wale watu wetu hawako mbali, wamo ndani ya simu. Wamo, na pengine hapo ndipo pana tatizo. Wazee wanaposuluhisha ndoa ya jirani yao hawategemei maneno ya washtaki peke yake. Wanajua nani anaamka mapema, wameona sura za watoto, wamesikia sauti zikipanda usiku. Kwenye simu wanaona uso mmoja kwa wakati mmoja, tena uso uliojiandaa. Kaka yangu aliniambia nisimame kama mwanamume. Dada wa mke wangu alimwambia yeye aache kunibeba. Wote wawili walitupenda, na wote wawili walitoa hukumu bila kuiona nyumba. Tulipokwenda hatimaye kwa mshauri wa ndoa, mtu mpole aliyetuuliza tunajisikiaje, mimi nilitoa taarifa kamili ya hali ya ghala, kwa kuwa lugha niliyojifunza kazini haikuwa na maneno ya kujibia swali lile. Mke wangu alinifasiria. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza nilipomsikia akisema maumivu yangu kwa kinywa chake, na alikuwa ameyasema vizuri kuliko ambavyo ningeweza katika lugha yoyote.

Sitaki ionekane kwamba mikono ya nyumbani huwa inabeba tu. Mingine hukaba. Mwanamke mmoja tunayefahamiana hapa huniambia kwamba sauti halisi ya mumewe aliisikia kwa mara ya kwanza walipokuwa mbali na kaka zake, kwa sababu miaka yote kabla ya hapo alikuwa anajibiwa na ukoo. Wapo pia waliopigwa wakaambiwa wavumilie, na kwao umbali haukuwa hasara hata kidogo. Waligundua ugenini kwamba kuna namba ya kupiga na kwamba anayepiga simu hiyo haulizwi amemkosea nini mumewe. Ndoa kama hizo zikivunjika huku, siwezi kusema uhamiaji umezivunja. Hata kwetu sisi, mimi nawafahamu watoto wangu, hofu zao na uwongo wao, kwa kiwango ambacho baba yangu hakunifahamu mimi, na sababu yake si wema wangu bali ni zamu za mama yao.

Jambo ambalo bado hatujalimaliza ni la kurudi. Mwaka 1979 Muhammad Anwar aliandika kuhusu Wapakistani waliohamia Uingereza, akaonyesha jinsi nia ya kurudi nyumbani inavyoendelea kuyaongoza maisha ya watu hata pale ambapo kurudi kwenyewe hakuonekani kutokea. Nyumbani kwetu nia hiyo ina umbo la sanduku. Ni lile nililokuja nalo, na tangu siku ile limekaa juu ya kabati la chumba cha kulala, tupu, zipu yake ikiwa imefunguliwa kidogo. Mke wangu aliwahi kuomba tuliteremshe stoo, nikakataa bila kueleza. Baadaye aliniambia kwamba akilitazama usiku huona mtu anayemngoja tu amalize kazi ili aondoke, na mimi nikamwambia kwamba nikilitazama huona kitu pekee humu ndani ambacho nilikinunua mwenyewe. Tulicheka, ingawa si kwa muda mrefu.

Wiki iliyopita alihitaji mahali pa kuweka nguo za watoto zilizowabana. Alinitazama, kisha akalitazama sanduku, lakini hakuomba. Nililiteremsha mwenyewe, nikapangusa vumbi, tukalijaza pamoja. Lilipojaa, kila mmoja alishika upande wake, na tulipofika mlangoni tulisimama kidogo, kwa sababu hatukuwa tumekubaliana kama linakwenda stoo au linarudi juu ya kabati.